Mwacheni Rosa Aishi

Hapa Mpanda kuna hukumu inayotolewa mara kwa mara kwenye vikao vya wazazi, mimbarini na kwenye vipindi vya redio: hadithi za mapenzi zinawaharibu mabinti zetu. Wanaoitoa ni wa aina mbili. Wapo wanaoamini kwamba binti akisoma kisa cha msichana aliyependa, naye atakwenda kupenda, na mwisho wake ni mimba. Wapo pia waliosoma fasihi vyuoni. Hawa hawana hofu hiyo, wana dharau. Kwao riwaya nyepesi ya kuchekesha, yenye binti anayesema uongo, anayekopa asichoweza kulipa, anayempenda asiyefaa na kumkimbia anayefaa, na msomaji bado akamtakia heri, ni upuuzi wa kupotezea muda. Wakishaiita pendwa, hawaifungui tena.

Nawapinga wote wawili. Nawapinga nikiwa Katavi, kwa sababu ni hapa ambapo hukumu yao inaonekana kuwa na ushahidi.

Ushahidi wenyewe ni namba. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wasichana wa Katavi wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au walikuwa na mimba ya kwanza. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Tuliongoza nchi nzima. Mkoa wetu ulikuwa mchanga, umemegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na kabla haujajulikana kwa viboko wa mto Katuma, kwa asali ya Inyonga au kwa mpunga wa Mpimbwe, ukawa umeshajulikana kwa hilo. Sishangai kwamba wazazi wanatafuta wa kumlaumu. Nashangaa kwamba wanakilaumu kitabu.

Mabinti hao walisoma riwaya gani? Ingia steshenari za mjini uone kinachouzwa: madaftari, kalamu, vitabu vya kiada, vijitabu vya maswali na majibu ya mitihani. Nenda Mishamo, nenda Mwese, nenda Karema ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, umuulize mwenye duka riwaya ya kusoma jioni. Binti wa Katavi aliyepata mimba akiwa na miaka 16 hakuipata kwenye ukurasa. Aliipata kwenye kilomita za kwenda shule, kwenye lifti ya bodaboda, kwenye chumba alichopanga karibu na shule ya kata, kile wanafunzi wanachokiita geto, anakoishi bila mtu mzima wa kumuuliza amekula nini. Aliipata nyumbani ambako ng'ombe wa mahari walihesabiwa kabla ya alama zake za darasani. Na kila mimba ina mwanaume, mara nyingi mtu mzima mwenye kazi na heshima zake, ambaye jina lake halimo katika namba hizo na halitajwi kwenye kikao cha wazazi.

Tena namba haziko upande wao. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta Katavi imeshuka hadi asilimia 34, na taifa hadi asilimia 22. Bado ni nyingi mno, lakini zimeshuka. Katika miaka hiyohiyo simu za kupangusa zilienea hadi vijijini, na simulizi za mapenzi zikaenea nazo, zikitumwa sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu, na msomaji akitakiwa kulipa kwa simu ili apate mwisho wake. Kama hadithi za mapenzi zingekuwa ndizo zinazowapa mabinti mimba, tungekuwa tumezama. Sisemi kwamba simulizi ndizo zilizopunguza mimba. Nasema tuache kuzisingizia kosa ambalo hazikulifanya, kwa maana kila siku tunayotumia kukishtaki kitabu ni siku tunayompa mapumziko mwanaume aliyehusika.

Hofu tumeijibu. Dharau ndiyo inayohitaji maneno zaidi, kwa sababu imejificha ndani ya vitabu tunavyoviheshimu.

Mwaka 1971 yalitokea mambo mawili ambayo sijaona mtu akiyaweka pamoja. Bunge letu lilipitisha Sheria ya Ndoa iliyoruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi, huku mvulana akitakiwa afikishe 18. Na Euphrase Kezilahabi, kijana wa Ukerewe, alichapisha Rosa Mistika. Sheria ikaendelea kutumika miaka na miaka, hadi Mahakama Kuu, katika shauri la Rebeca Gyumi, iliposema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Kitabu kikapigwa marufuku mashuleni. Taifa lililoona sawa binti wa miaka 15 awe mke wa mtu liliona hatari binti huyohuyo kusoma habari za mwili wake.

Nakipenda kitabu kile, na Kezilahabi, aliyetutoka Januari 2020, sitamvunjia heshima. Alithubutu kusema kwamba kosa la Rosa lilianzia kwa Zakaria, baba mlevi aliyemchapa mwanawe kwa sababu ya barua ya mvulana. Lakini tazameni anachofanywa Rosa. Anapigwa, anatoka nyumbani, anapotea, anatoa mimba, anakataliwa na aliyetaka kumwoa, anajiua. Hata baada ya kufa kesi yake inaendelea mbinguni. Msichana wa kwanza mwenye makosa kuipenya fasihi yetu kwa nguvu kiasi kile hakupewa nafasi ya kufika miaka 30.

Wengi waliomfuata walipita njia hiyohiyo. Kila aliyemaliza kidato cha nne Tanzania katika miaka hii ishirini anavijua vitabu vya orodha: Orodha, Kilio Chetu, Ngoswe, Takadini, Watoto wa Mama Ntilie, Joka la Mdimu. Katika Orodha ya Steve Reynolds, Furaha anatoroka kwenda baa, anahadaiwa na wanaume wanaoheshimika, anafariki kwa UKIMWI. Barua yake, iliyojaa msamaha, inasomwa mazishini. Katika Kilio Chetu, Anna anapata mimba na Joti anafariki. Ni tamthiliya zilizoandikwa kwa huruma, wakati UKIMWI ukitumaliza, na sitaki ziondolewe. Ila pembeni yake weka Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, ya marehemu Edwin Semzaba. Ngoswe ametumwa na serikali kuhesabu watu kijijini. Anamwona Mazoea, anasahau kazi, anataka kutoroka naye, na Mzee Mitomingi kwa hasira anazitia moto karatasi za sensa. Hesabu ya serikali imeteketea kwa ajili ya mapenzi, na darasa zima linacheka. Ngoswe ana aibu, ana majuto, lakini yu hai, na mwanafunzi anafunga kitabu akiwa amempenda.

Mvulana anayekosea kwa ajili ya mapenzi anachekesha. Msichana anayekosea kwa ajili ya mapenzi anazikwa. Hilo ndilo somo ambalo mtoto wa Nsemulwa au Kawajense analibeba kutoka darasa la fasihi, hata kama mwalimu hakukusudia kulifundisha, na hata kama halimo kwenye majibu ya mtihani.

Wala halikuanzia shuleni. Abunuwasi anadanganya, anakopa, anamzunguka hadi mfalme, na watoto wanaomba kisa kingine. Sungura anaiba, anasingizia wengine, na tunamshangilia. Marehemu King Majuto aliigiza kwa miaka mingi waume waongo, wazee wenye tamaa, baba wanaojificha wasidaiwe, na alipofariki mwaka 2018 nchi nzima ilimlilia kama mtu wa nyumbani, kwa sababu katika makosa aliyoyaigiza tulijiona na tukajisamehe. Mwanamke wa Kiswahili amenyimwa msamaha wa namna hiyo katika maandishi. Aliandikiwa utenzi wa Mwana Kupona mwaka 1858, wosia wa mama mgonjwa kwa bintiye namna ya kuwa mke mwema, na ni utenzi mkubwa, wenye upendo mwingi. Lakini nani aliyemwandikia binti ambaye aliusikia wosia, akautaka kweli kwa moyo wote, akashindwa kuutimiza kabla ya Ijumaa?

Riwaya nyepesi ya mapenzi inamwandikia huyo. Mhusika wake mkuu hajawa mwema bado, na pengine hatakuwa mwema kabisa. Ana pupa, ana wivu, anajipaka urembo wa harusini kwenda kununua chumvi kwa sababu amesikia fulani amerudi kutoka Sumbawanga. Tunamcheka, na katikati ya kumcheka tunashikwa na hofu kwamba atampoteza yule anayemfaa, na tunafunua ukurasa mwingine. Kumfanya msomaji amcheke mtu na amwonee huruma kwa pumzi moja ni kazi ngumu ya sanaa. Wanaoiita nyepesi wajaribu kuiandika.

Watasema hayo ni mambo ya Wazungu. Ni kweli Wazungu wanayo, na wameyaheshimu kuliko sisi. Jane Austen aliandika visa vya mapenzi vyenye kicheko: Pride and Prejudice mwaka 1813, Emma mwishoni mwa 1815. Elizabeth anamhukumu mtu vibaya kwa sababu ya kiburi. Emma anajifanya mshenga wa mji mzima na karibu kila alichokipanga kinaharibika. Leo vinafundishwa vyuo vikuu, na mwaka 2017 Benki Kuu ya Uingereza iliweka sura ya Austen kwenye noti ya pauni 10. Mwaka 1996 Helen Fielding alichukua mifupa ya kisa cha Elizabeth akampa Bridget Jones, mwanamke wa London anayehesabu kilo zake na sigara zake kila asubuhi na kushindwa kila jioni, na wanawake kwa mamilioni wakajiona humo. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliitafsiri tamthiliya ya Kiingereza, Mabepari wa Venisi, mwaka 1969, na tumeisoma kama kitabu cha riba na unyonyaji hadi tukasahau kwamba nusu yake ni kisa cha mapenzi, na kwamba kinaisha kwa wake wawili kuwatesa waume zao kwa hila ya pete.

Lakini sina haja ya kukimbilia Uingereza. Mwaka 2009 mtafiti Monique Borgerhoff Mulder, aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika vijiji vya Wapimbwe hapa Katavi, alichapisha utafiti juu ya ndoa zao. Aliwakuta watu wanaooana, kuachana na kuoana tena, wanaume kwa wanawake. Nadharia aliyoikuta vitabuni ilisema kwamba mwenendo huo humnufaisha mwanaume na kumgharimu mwanamke. Hakuona hivyo. Kwa kipimo alichokitumia, yaani watoto waliozaliwa na kukua, wanawake walioolewa zaidi ya mara moja walinufaika kuliko wanaume waliooa zaidi ya mara moja. Simtumii Mpimbwe kuwa mfano wa ndoa kwa mtu yeyote. Nasema tu kwamba mwanamke aliyechagua vibaya, akaondoka, akachagua tena na maisha yakaendelea, hakuletwa Katavi na meli. Yupo Usevya na Mamba, analima mpunga, ana wajukuu. Asiyekuwepo ni mwandishi wa kumwandika.

Na ukitaka kusikia wanawake wa Kiswahili wakiyaimba makosa ya mapenzi bila kuomba radhi, nenda kwenye taarabu. Miaka ya 1990, vikundi vya TOT na Muungano viliposhindana, na Khadija Kopa na marehemu Nasma Khamis wakarushiana mipasho, ukumbi ulijaa akina mama waliojua kila neno. Mshairi akigusa jambo lake, mama anasimama, anacheza hadi mbele, anamtunza mwimbaji, anarudi kukaa. Amekiri mbele ya watu wote, kwa noti mkononi na kicheko mdomoni, kwamba yaliyoimbwa yamempata. Wanaoona kicheko hicho ni halali ukumbini, kwa nini kiwe haramu kitabuni?

Yupo binti mmoja aliyenusurika, nao wakosoaji wanamheshimu. Yasmin wa Vuta N'kuvute, riwaya ya Shafi Adam Shafi ya mwaka 1999, anaozwa akiwa na miaka 15 kwa mwanaume wa umri wa kumzaa, anatoroka, anakataliwa na mama yake, anahamia Ng'ambo kwa Mwajuma, shoga mcheshi asiyejua kesho atakula nini, anampenda Denge mpinga ukoloni, anakosea, anahangaika, na bado hafi. Tunasema tunaisoma riwaya ile kwa ajili ya siasa ya Unguja. Naamini wengi tuliifunua usiku kwa ajili ya Yasmin na Mwajuma, na kwamba siasa ile isingetuingia bila wao.

Sasa nioneshe ninachokidai, maana kutetea riwaya kwa maneno matupu hakutoshi. Binti nitakayemtaja ni wa kubuni. Nimwite Tatu.

Tatu ana miaka 26, ni fundi cherehani Makanyagio. Alizaa akiwa kidato cha pili. Mtoto, Neema, ana miaka 10 na analelewa na bibi yake Inyonga. Tatu amependwa na afisa ugani aliyehamishiwa Nsimbo, mtu mpole anayevaa shati la mikono mirefu hata juani, naye kwa woga amemwambia kwamba Neema ni mdogo wake. Bwana shamba amefurahi kupata shemeji mdogo na kila mwisho wa mwezi anamnunulia daftari. Kila daftari linaukaza uongo. Halafu inakuja harusi ya rafiki yao, Tatu anataka kitenge kile cha dukani na viatu vya kwendana nacho, na hana hela. Ni mwanachama wa kikoba. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa wanawake watatu tofauti, na kukopa anaruhusiwa kwa ugonjwa au msiba tu. Basi anamzulia mjomba ugonjwa. Mjomba yuko Kaliua, hali yake si nzuri.

Wanawake wa kikoba ni watu wazuri, na uzuri wao ndio unaomwangamiza. Hawatoi hela tu. Wanaamua kwenda kumjulia hali mgonjwa. Wanakata tiketi za treni wote kumi na wawili, wamebeba kuku, mchele wa Mpimbwe na chupa ya asali, wanaimba nyimbo za kwaya tangu stesheni ya Mpanda, wanampangusa Tatu machozi wakidhani analia kwa ajili ya mjomba. Bwana shamba, aliyeambiwa habari za mgonjwa na mwenyekiti wa kikoba, amepanda behewa hilohilo kwa upendo. Treni inapita Katumba. Inavuka Ugalla. Kila stesheni Tatu anapanga kusema na kila stesheni anakula karanga. Mwishowe anasema. Kunakuwa kimya, halafu mama mmoja, kwa hasira ya mwaka mzima, anamwita kwa sauti ya kufika mwisho wa behewa: "Mama Neema!"

Na bwana shamba amesikia.

Mpe kisa hiki mwandishi wa vitabu vya kuonya, na Tatu atashuka Kaliua peke yake, aibu itampeleka Tabora, Tabora itampeleka baa, na ukurasa wa mwisho utakuwa wa mazishi. Mpe mwandishi wa riwaya ninayoitetea, na akina mama watamtoza faini mara mbili, kwa kufuata katiba ya kikoba neno kwa neno. Kisha, kwa kuwa nauli imeshalipwa na kuku ameshafika, watatafuta kwa mama ntilie wa Kaliua jiko la kumpikia. Bwana shamba hatasema kitu hadi jioni. Jioni atakiri kwamba lile shamba la kahawa la Moshi alilojisifia ni la kaka yake. Wataoana au hawataoana, hilo mwandishi ataamua. Lakini Jumatatu Tatu atafungua kibanda chake, na Neema atahamia Mpanda, akimwita mama yake mama mbele za watu.

Mwaka 2021 Serikali ilitoa Waraka wa Elimu namba 2, uliotangazwa Novemba na Profesa Joyce Ndalichako, Waziri wa Elimu wa wakati huo, ukiruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito warudi shuleni. Ulifungua mlango uliokuwa umefungwa kwa maneno makali. Binti wa Katavi aliyerudi darasani baada ya kujifungua anakaa kwenye dawati, anafungua kitabu cha fasihi, na anakutana na msichana kama yeye aliyekufa. Waraka umemwambia aendelee. Kitabu kinamwambia kisa chake kimeshakwisha. Mabinti hawa wameonywa vya kutosha: wanaonywa na mwalimu, na padri, na shehe, na nesi wa kliniki, na bibi. Hakuna anayewaonyesha mwaka wa tano baada ya kosa unafanana na nini, siku ya kawaida yenye biashara, kicheko, mtoto wa kupeleka shule na mtu anayekupenda akikujua. Riwaya nyepesi inaonyesha siku hiyo. Kwa binti huyu hiyo ni habari nzito kuliko zote.

Wapo watakaoshikilia kwamba sanaa lazima ifundishe tabia, na mfano wa mtu mkosaji ni mbaya. Nawakumbusha mchezo wa Twende na Wakati wa Redio Tanzania, ulioanza mwaka 1993. Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, alijulikana hadi jina lake likawa la mtaani, na mkewe Tunu, aliyeanza kwa woga, akasimama kwa miguu yake hatua kwa hatua, huku akirudi nyuma mara kadhaa. Watafiti waliyalinganisha maeneo yaliyoupata mchezo na Dodoma, ambako haukurushwa kwa miaka miwili ya kwanza, wakakuta waliousikiliza walikuwa wepesi zaidi kukubali uzazi wa mpango. Watu hawakuwafuata wahusika wema wa mchezo ule kwa uzuri wao. Waliwafuata waliokuwa njiani, wenye mashaka kama yao. Sioni kwamba kitabu kinahitaji kibali cha kufundisha ili kipate haki ya kuwepo. Lakini kama kipimo ni hicho, binti mkosaji anafundisha kuliko malaika.

Hofu ya hadithi za mapenzi tayari imeshawatia wengine moto mkononi. Kano, Nigeria, wanawake wa Kihausa waliandika vitabu vya mapenzi kwa lugha yao, vikauzwa sokoni kwa wingi. Mmoja wao, Balaraba Ramat Yakubu, aliozwa akiwa bado mtoto na akajifunza kusoma baadaye. Mwaka 2007 gavana wa jimbo alivichoma vitabu vya namna hiyo hadharani, katika shule ya wasichana. Vitabu vya namna hiyo viliandikwa na wanawake, wakiwamo waliozijua ndoa za utotoni kwa miili yao, vikachomwa na wanaume waliosema wanawalinda watoto. Sitaki tufike huko, na dharau ni hatua ya kwanza ya kufika.

Nakubali kwamba mengi yanayosambazwa kwenye simu zetu leo ni mabaya. Yapo yaliyo ngono tupu, na hayo siyatetei. Yapo ya machozi, ambamo binti anateswa sehemu arobaini ili msomaji aendelee kulipa, na huyo ni Rosa yuleyule aliyekatwa vipande vya kuuzwa rejareja. Sentensi zimeandikwa haraka, majina yanabadilika njiani. Lakini ubaya huo umetokana na kuachwa. Aina ya hadithi ambayo walimu hawaigusi, wahakiki hawaisomi na wachapishaji wanaionea haya haiwezi kupata mhariri. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, imeanza kuchapa vitabu vya washindi na kuvipeleka shuleni. Majaji wake wakiletewa mswada wa binti mcheshi mwenye makosa yake, uliohaririwa vizuri, wenye Kiswahili safi cha Mpanda au Tanga au Makunduchi, wasiuweke pembeni kwa kuwa hauna mazishi.

Na vitabu hivyo viwekwe mikononi mwa wavulana pia. Hili halisemwi kwa sababu tumezoea kudhani kwamba kisa cha binti ni cha mabinti. Wavulana wetu wamelelewa na Abunuwasi na Ngoswe, wanajua kwamba mwanaume akikosea ana kesho. Kuhusu msichana wamefundishwa kwamba akikosea ameharibika, na neno hilo wanalitumia bila kufikiri, kwa dada zao na kwa wasichana waliowapa mimba wao wenyewe. Mvulana wa kidato cha tatu atakayesafiri na Tatu hadi Kaliua, akacheka naye, akaogopa kwa ajili yake, akatamani bwana shamba amsamehe, atakuwa amekaa saa kadhaa ndani ya kichwa cha msichana mwenye mtoto na hofu na ndoto ya viatu. Vitabu vyetu vya kuonya havijawahi kumtaka afanye hivyo, navyo ndivyo tulivyompa kwa miaka hamsini.